Kijani cha Pemba Katika Karatasi: Namna ya Kuandaa Rangi za Picha kwa Ajili ya Kupigwa Chapa

Mabaharia wa Kiarabu walikiita kisiwa cha Pemba Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na hata leo hakuna anayefika Wete au Mkoani akalitilia shaka jina hilo. Mikarafuu, minazi, migomba na miti ya msitu wa Ngezi hukivisha kisiwa kijani cha kila namna. Nchi kavu inapokoma, maji machache yaliyotanda juu ya mchanga mweupe huonyesha rangi ya feruzi, kisha bahari hugeuka ghafula kuwa buluu nzito pale unapoanza mlango wa bahari uliopo baina ya Pemba na Bara. Ajabu ni kwamba rangi hizo tatu, kijani king'avu, feruzi na buluu nzito, ndizo hasa zinazoushinda mtambo wa chapa.

Malalamiko yanayotokana na jambo hili ni ya kawaida. Mtu hupiga picha nzuri ya shamba la mikarafuu, huitazama katika kiwambo cha kompyuta akaridhika nayo, kisha huipeleka kiwandani ili ipigwe chapa katika kitabu, kalenda au lebo ya bidhaa. Nakala elfu kadhaa zinaporudi, majani yamefifia, bahari imekuwa ya zambarau, na nyuso za watu zimeingia ukijivu. Mteja humlaumu mpiga chapa, na mpiga chapa humlaumu mpiga picha. Aghalabu hapana mwizi wa rangi kati yao. Picha imetolewa katika utaratibu mmoja wa rangi na kuingizwa katika utaratibu mwingine bila ya maandalizi, na gharama ya kosa hilo haina fidia, kwani karatasi iliyokwisha kupigwa chapa haifutiki.

Rangi za nuru na rangi za wino

Mwaka 1704 Isaac Newton alichapisha huko Uingereza kitabu chake juu ya nuru, ambamo alionyesha kwamba nuru nyeupe ya jua ni mkusanyiko wa nuru za rangi mbalimbali. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1802, Thomas Young alitoa rai kwamba jicho la binadamu halina haja ya kuwa na kipokezi cha kila rangi. Vipokezi vya namna tatu vyatosha. Mwaka 1861, mjini London, James Clerk Maxwell alilithibitisha wazo hilo mbele ya hadhara. Utepe wa rangi ulipigwa picha mara tatu, kila mara kupitia kichujio kimoja: chekundu, cha kijani, na cha buluu. Picha hizo tatu zilipomulikwa ukutani kwa nuru za rangi zile zile na kulaliana, utepe ulionekana katika rangi zake.

Kamera ya dijiti na kiwambo cha kompyuta hufuata kanuni hiyo hiyo. Kila chembe ya picha, iitwayo pikseli, huwa na tarakimu tatu: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha buluu. Kwa kawaida kila tarakimu huanzia 0 na kuishia 255, yaani ngazi 256, na kwa hiyo mchanganyiko unaowezekana ni 16,777,216. Tarakimu zote zikiwa 0, kiwambo ni cheusi. Zote zikiwa 255, kiwambo ni cheupe. Utaratibu huu hujulikana katika programu za kompyuta kwa herufi RGB, na unaweza kuitwa utaratibu wa kujumlisha, kwani kila nuru inayoongezwa huongeza mwangaza.

Karatasi ni kinyume cha hayo. Karatasi haina nuru yake yenyewe; hurudisha tu nuru inayoiangukia. Wino unaotandazwa juu yake humeza sehemu ya nuru hiyo na kuiacha sehemu nyingine irudi machoni. Wino wa sayani, ambao ni buluu yenye kuelekea kijani, humeza nuru nyekundu. Wino wa majenta, ambao ni wekundu wenye kuelekea zambarau, humeza nuru ya kijani. Wino wa njano humeza nuru ya buluu. Kila wino unaoongezwa hupunguza mwangaza, na kwa hiyo huu ni utaratibu wa kutoa.

Msingi wa upigaji chapa wa namna hii uliwekwa mapema katika karne ya 18 na Jacob Christoph Le Blon, aliyepiga chapa picha za rangi kwa mabamba matatu, la buluu, la njano na la jekundu, na kueleza ufundi wake katika kitabu alichokitoa London mwaka 1725. Le Blon pia alitambua faida ya kuongeza bamba la wino mweusi. Kwa nadharia, wino tatu zikichanganywa sawasawa zingemeza nuru yote na kutoa weusi mtupu. Kwa vitendo, wino za kiwandani si safi kiasi hicho, na mchanganyiko wake hutoa hudhurungi yenye matope. Wino mweusi huvipa vivuli uzito wake, huyapa maandishi makali yake, na hupunguza matumizi ya wino za rangi ambazo ni ghali zaidi. Ndipo ulipopatikana utaratibu wa wino nne unaojulikana kwa herufi CMYK.

Mkeka, nukta na kanga

Mtambo wa ofseti hauwezi kutandaza wino wa majenta hafifu mahali pamoja na majenta nzito mahali pengine. Ama huweka wino, ama hauweki. Ili kupata wekundu hafifu, mtambo huweka nukta ndogo sana zilizozungukwa na weupe wa karatasi. Ili kupata wekundu mzito huweka nukta kubwa zinazokaribia kugusana. Jicho hufanya kazi iliyobaki.

Kanuni hii haiwezi kuwa ngeni kwa mtu aliyezoea mikeka ya ukindu. Msusi hatii rangi ya kati baina ya nyekundu na njano. Husuka unyuzi mwekundu karibu na wa njano. Anayekaa juu ya mkeka huziona nyuzi mbalimbali, bali anayeutazama kutoka mlangoni huona rangi moja ya machungwa. Tofauti ni kipimo tu. Katika karatasi laini ya kung'aa huwekwa mistari ya nukta ipatayo 60 katika kila sentimita. Katika karatasi ya gazeti huwekwa mistari michache zaidi, yapata 34 hadi 40. Mistari ya kila wino hulazwa kwa pembe yake: kwa kawaida nyeusi nyuzi 45, majenta 75, sayani 15 na njano 0. Pembe hizo zisipotengana ipasavyo, picha huingiwa na mawimbi yasiyokuwamo katika kitu kilichopigwa picha.

Kanga nayo hufundisha somo la pili. Katika kupiga chapa kanga, kila rangi ya pindo na ya mji huchanganywa peke yake tangu mwanzo, kisha hupigwa kwa zana yake. Kijani cha kanga ni rangi ya kijani iliyopikwa kuwa kijani. Hakikutokana na nukta za sayani na njano. Wapiga chapa wa karatasi nao wanayo njia hii, na huitumia pale rangi moja inapotakiwa iwe ile ile daima, kama vile alama ya biashara au bendera. Rangi iliyochanganywa hivyo yaweza kung'aa kuliko ile inayotokana na wino nne. Lakini haifai kwa picha, kwani picha moja ya shamba ina vivuli vya kijani visivyohesabika, na haiwezekani kukipikia kila kimoja wino wake.

Kwa nini kijani hufifia

Rangi zote zinazoweza kutolewa na chombo fulani zaweza kulinganishwa na sauti za mwimbaji. Kila mwimbaji ana mpaka wake wa juu na wa chini. Kiwambo kina mpaka wake, na wino nne katika karatasi zina mpaka wao, na kwa jumla mpaka wa wino ni mfinyu zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa hasa katika kijani king'avu na buluu nzito. Sababu ni ile ile ya wino kutokuwa safi. Wino wa sayani ungepaswa kumeza nuru nyekundu peke yake. Badala yake humeza pia sehemu ya kijani na ya buluu. Unapolaliana na njano ili kutoa kijani, sehemu ya kijani yenyewe imekwisha kuliwa.

Rangi iliyo nje ya mpaka haina budi kubadilishwa, na zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuushusha wimbo mzima: rangi zote za picha husogezwa ndani kidogo kidogo ili uhusiano wake ubakie. Njia hii huifaa picha yenye rangi nyingi kali, kama vile picha ya ufuko wa Vumawimbi wakati wa mchana. Ya pili ni kuuacha wimbo ulivyo na kuzikata zile sauti za juu tu: rangi zilizomo ndani ya mpaka hazibadilishwi, na zilizo nje huvutwa hadi ukingoni. Njia hii huifaa picha ambayo rangi zake nyingi ni za wastani. Ikitumiwa katika picha ya bahari, vivuli mbalimbali vya feruzi vyaweza kugandamana na kuwa bapa moja lisilo na mawimbi. Programu za kuhariri picha huuliza ni njia ipi itumike. Asiyejibu huamuliwa na programu.

Mifano mitatu

Ichukuliwe kwanza karatasi ya mafunzo kwa wachumaji wa karafuu. Karafuu bora huchumwa wakati matumba yamekwisha kukua na kuanza kugeuka kutoka kijani kuingia rangi ya waridi, kabla hayajafunguka kuwa maua. Dalili inayotakiwa kuonyeshwa na picha ni ule uwaridi. Katika chapa, waridi hutokana na majenta pamoja na njano kidogo. Nukta chache tu za sayani zikiongezeka, uwaridi huchafuka na kuwa wa kijivu. Picha iliyobadilishwa ovyo yaweza basi kumfundisha mchumaji mgeni kungoja, naye akingoja matumba hufunguka, na ua lililofunguka halikaushwi likawa karafuu ya daraja la juu. Mwandaaji wa picha hiyo hana budi kupima kiasi cha sayani ndani ya tumba lenyewe, si kuitazama picha nzima kwa juu juu. Hali ni hiyo hiyo kwa karafuu zilizoanikwa: hudhurungi yenye wekundu ndiyo alama ya ukaushaji mwema, na ikipotea wekundu wake, karafuu nzuri huonekana kama iliyolowa mvua.

Mfano wa pili ni ninga wa Pemba, ndege asiyepatikana mahali pengine duniani, aliyeelezwa kitaalamu na Pakenham mwaka 1940. Hutofautiana na ninga wa Bara hasa kwa ukijivu wa kichwa na wa sehemu za chini za mwili. Kijivu ndicho mtihani mkubwa wa wino nne. Katika kiwambo, kijivu hupatikana kwa kuzilinganisha tarakimu tatu. Katika karatasi, sayani, majenta na njano zikiwa sawasawa hutoa kijivu chenye wekundu. Yahitajika sayani iwe zaidi, kwa mfano asilimia 50 ya sayani kwa asilimia 40 ya majenta na asilimia 40 ya njano. Majenta ikipungua kidogo tu, kijivu huelekea kijani. Hapo kitabu cha kuwatambulishia wanafunzi ndege wa kisiwani kitakuwa kimewaonyesha, chini ya jina la ninga wa Pemba, ndege anayefanana na binamu yake wa Bara.

Mfano wa tatu ni bahari. Buluu nzito ya mlango wa Pemba hubadilishwa na programu kuwa sayani nyingi pamoja na majenta nyingi. Viwango hivyo viwili vikikaribiana, karatasi haionyeshi buluu bali zambarau, hata kama kiwambo kinaendelea kuonyesha buluu. Dawa ni kupunguza majenta katika sehemu hiyo mpaka iwe chini sana kuliko sayani. Feruzi iliyozunguka kisiwa cha Misali, kwa upande wake, huhitaji kulindwa isiingiwe na wino mweusi wala majenta, kwani weupe wa karatasi ndio unaoipa uhai.

Hatua za maandalizi

Kwanza, hapana budi kumuuliza mpiga chapa kabla ya kuigusa picha. Yahitajika kujua karatasi itakayotumika na wasifu wa rangi wa mtambo wake. Wasifu wa rangi ni faili dogo linaloeleza rangi gani hasa hutokea wino fulani unapowekwa katika karatasi fulani. Kanuni za mafaili hayo husimamiwa na umoja wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1993, na kwa hiyo wasifu uliotengenezwa Ulaya husomeka Dar es Salaam.

Pili, picha ya asili ihifadhiwe katika RGB, na marekebisho ya mwanga na rangi yafanywe humo. Picha iwe na lebo inayoonyesha ni RGB ya namna gani, kwani zipo kadhaa. Inayotumika zaidi ni sRGB iliyobuniwa mwaka 1996. Picha isiyo na lebo huifanya programu ibahatishe.

Tatu, ukubwa uhesabiwe. Kanuni ya kawaida ni pikseli 300 kwa kila inchi ya picha itakapokuwa karatasini. Ukurasa wa A4, wenye sentimita 21 kwa 29.7, huhitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha ndogo iliyopokewa kwa simu haiwezi kukuzwa ikapata undani ambao haikuwa nao.

Nne, kabla ya kuibadilisha picha, programu iamriwe kuonyesha katika kiwambo jinsi itakavyokuwa katika CMYK. Kiwambo kiwe kimepimwa na kurekebishwa kwa chombo chake, na chumba kisiwe na jua linaloingia dirishani. Rangi inayohukumiwa adhuhuri haifanani na inayohukumiwa chini ya taa usiku. Ndiyo maana viwanda hukagua chapa chini ya taa maalumu ya kipimo cha kelvini 5,000.

Tano, picha ibadilishwe mara moja tu, mwishoni, na nakala yake ihifadhiwe kwa jina jingine. Rangi iliyokwisha kukatwa hairudi hata picha ikirejeshwa katika RGB, kama vile nazi iliyokunwa isivyorudi kifuuni. Iwapo picha hiyo hiyo itapigwa chapa katika kitabu cha karatasi ya kung'aa na tena katika gazeti, kila mahali huhitaji nakala yake iliyotolewa katika ile ya asili.

Sita, jumla ya wino iangaliwe. Wino nne zikiwekwa zote kwa asilimia 100, jumla ni 400, na karatasi haiwezi kuibeba. Wino haukauki na huchafua ukurasa wa pili. Karatasi ya kung'aa aghalabu huvumilia jumla ya 300 hadi 330, na ya gazeti yapata 240. Wasifu sahihi huweka mpaka huo wenyewe. Ikumbukwe pia kwamba nukta huvimba inapogusa karatasi: ile ya asilimia 50 huweza kuonekana kama ya 65 au zaidi, na katika karatasi ya gazeti hali huwa mbaya zaidi. Kivuli cha mikarafuu kinachoonekana vyema katika kiwambo hugeuka giza tupu gazetini, isipokuwa kimepunguzwa mapema.

Saba, maandishi meusi yapigwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa wino nne, hitilafu ndogo ya mabamba huyatia kivuli cha rangi pembezoni. Hitilafu hiyo huongezeka wakati wa unyevunyevu, kwani karatasi hunywa maji ya hewani na kutanuka. Jambo hili si dogo katika pwani ya masika marefu.

Nane, idaiwe prufu ya rangi, na ikaguliwe na mtu anayekijua kitu chenyewe. Mhariri huona kama picha inapendeza, lakini mkulima wa karafuu ndiye atakayeona kwamba hilo si tumba la kuchumwa.

Faida ya kuujua mpaka

Maandalizi haya hayaufanyi wino uwe nuru. Feruzi ya Misali iliyopo karatasini haitawaka kama ile ya kiwambo, wala ya kiwambo haitalingana na ile ya bahari yenyewe. Linalowezekana ni kuchagua kwa hiari nini kipunguzwe na nini kilindwe. Katika picha ya karafuu hulindwa uwaridi, katika picha ya ninga hulindwa kijivu, na katika picha ya bahari hulindwa tofauti baina ya maji machache na kilindi. Uamuzi huo huhitaji ujuzi wa kitu kinachopigwa picha kuliko ujuzi wa mtambo, na ujuzi wa namna hiyo wanao wakazi wa kisiwa kuliko kiwanda chochote cha ng'ambo. Shule, chama cha ushirika au mwenye duka la mafuta ya makonyo anayeupeleka uamuzi huo kiwandani pamoja na picha yake hupunguza hasara, na wasomaji wake huletewa Pemba wanayoweza kuitambua.